Msiache kazi ya serikali Marekani kabla ya kudai mafao ya ulemavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na Waswahili wenzangu tulioajiriwa na serikali kuu ya Marekani, iwe hospitalini, ghalani, uwanja wa ndege au ofisini. Nakuandikia wewe kwa sababu ndugu zetu huko nyumbani wanakusoma, na mara nyingi wao ndio wanaopiga simu na kusema, "Kama mgongo umekataa, acha kazi urudi."

Mwenzetu mmoja hapa Dayton, Ohio, aliufuata ushauri huo. Tulikuwa naye ghala moja; jina la idara naliacha. Miaka yote alishusha masanduku, mpaka uti wa mgongo ukaharibika. Akapasuliwa, akarudi kazini, akashindwa. Akaandika barua ya kuacha kazi, sentensi moja tu, akarudisha kitambulisho na kuondoka. Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale, lakini alipokuja kuniuliza mwaka ulikuwa umeshapita. Sheria inataka maombi yafike OPM, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi, ndani ya mwaka mmoja tangu utoke kazini. Ukichelewa umepoteza, isipokuwa kama ulikuwa huna akili timamu katika kipindi hicho.

Inaniuma kwa sababu haki ilikuwa yake. Kwa mpango wa pensheni wa FERS, ulioanza 1987, mtumishi mwenye miezi 18 tu ya utumishi anaweza kustaafu kwa ulemavu hata kama ana miaka 30. Kinachotakiwa ni ugonjwa unaomzuia kufanya kazi yake, unaotarajiwa kudumu mwaka mmoja au zaidi, na mwajiri awe ameshindwa kumrekebishia kazi hiyo au kumhamishia nafasi ya ngazi ile ile. Si lazima awe ameumia kazini; fidia ya kuumia kazini ina sheria yake.

Tuseme wastani wa mshahara wako wa miaka mitatu iliyolipa zaidi ni dola 50,000. Mwaka wa kwanza unapata asilimia 60, yaani dola 30,000, yakitolewa malipo yote ya ulemavu unayopata Hifadhi ya Jamii (Social Security). Baada ya hapo ni asilimia 40, dola 20,000 kwa mwaka, ikitolewa asilimia 60 ya malipo hayo. Ukifika miaka 62 pensheni inapigwa hesabu upya kana kwamba ulikuwa kazini muda wote huo. Mtu ameacha hayo yote kwa sentensi moja!

Wengi hukwama kwenye fomu 3112C, ya daktari. Daktari anaandika "anaumwa mgongo", basi. Haitoshi. Mwombeni aandike kwamba huwezi kuinua zaidi ya kilo tano, huwezi kusimama zaidi ya dakika 20, na hali hiyo haitazamiwi kwisha ndani ya mwaka. Mafaili ya wastaafu yanashughulikiwa Boyers, Pennsylvania, chini ya ardhi, ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa, na jibu huchukua miezi. Anzeni mapema, mkiwa bado kazini.

Sasa kuna wanaoniambia chama kinakula ada bure. Jamani, pensheni yetu hatuijadili na mwajiri. Imewekwa na sheria, na kugoma tumekatazwa. Pa kupigania ni Bungeni. Mwaka 2025 Warepublican katika kamati ya Baraza la Wawakilishi walipitisha pendekezo, sehemu ya mswada mkubwa wa bajeti, kwamba wastani wa miaka mitatu uwe wa mitano, na kila mtumishi akatwe asilimia 4.4 ya mshahara kwa ajili ya pensheni, hata walioajiriwa kabla ya 2013 ambao wengi wao hukatwa 0.8. Nyie mliopitia vuta nikuvute ya kikokotoo cha pensheni Tanzania mnajua maana yake. Wastani ukishuka, pensheni ya mgonjwa nayo inashuka. AFGE, chama cha wafanyakazi wa serikali kuu, NARFE, chama cha watumishi na wastaafu wake, na vyama vya posta vikahimiza wanachama wapige simu na kuandika barua, nami nilipiga. Mbunge wa hapa kwetu, Mike Turner, ambaye ni Mrepublican, aliikataa hoja hiyo kwenye kamati. Sheria hiyo ya bajeti iliposainiwa Julai 4, mambo hayo mawili hayakuwemo.

Machi mwaka huo huo Rais Trump alikuwa ameshasaini amri ya kuondoa haki ya vyama kujadiliana na mwajiri katika idara nyingi, na idara zikaacha kukata ada za chama kwenye mshahara. Kwa hiyo kama jina lako lilikuwa kwenye orodha ya wanachama, usidhani bado limo. Jisajili mwenyewe, ulipe kupitia benki.

Na aliyeacha kazi kwa ugonjwa hivi karibuni, nakuomba leo hii utafute karatasi yako ya SF-50, taarifa rasmi ya mabadiliko ya ajira yako, uangalie tarehe ya kuondoka. Kama mwaka haujatimia, bado una haki ya kuomba.

Mwakilishi wa wafanyakazi,
Dayton, Ohio