Aoun wawili, Gibran wengi: tuwaandike Walebanoni kwa usahihi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Walebanoni mashuhuri ilianza vizuri, lakini ilipofika kwenye siasa ikateleza. Rais Joseph Aoun ameandikwa kuwa ni mtoto wa Rais Michel Aoun. Si mwanawe, wala hawana udugu. Michel alichaguliwa tarehe 31 Oktoba 2016 na muda wake ukaisha Oktoba 2022. Kiti kikakaa kitupu zaidi ya miaka miwili, mpaka Joseph alipochaguliwa tarehe 9 Januari 2025. Wanacholingana ni jina la ukoo na kazi ya zamani: kila mmoja aliwahi kuwa mkuu wa jeshi.

Hilo la jeshi ndilo lililostahili aya nzima. Emile Lahoud na Michel Suleiman, marais wawili waliomtangulia Michel Aoun, nao walitoka kwenye ukuu wa jeshi. Tangu mapatano ya 1943, ambayo hayakuandikwa popote, Rais huwa Mkristo wa Kimaroni (dhehebu la Kikatoliki la Mashariki), Waziri Mkuu Msuni na Spika Mshia. Ukuu wa jeshi nao kwa desturi ni wa Mmaroni. Basi vyama vinapokabana koo juu ya mwanasiasa gani awe Rais, jenerali anakuwa tayari na dhehebu linalotakiwa, na hana chama cha kuwatia wengine hofu. Msomaji asipoelezwa hivyo atadhani nchi ile inapenda tu wanajeshi.

Pia si sahihi kuandika kwamba Joseph Aoun "alishinda uchaguzi mkuu". Wananchi hawampigii Rais kura. Wanaompigia ni wabunge 128, kwa kura ya siri. Katika duru ya kwanza anahitaji theluthi mbili, yaani kura 86. Duru zinazofuata zinamtosha 65. Yeye alipata 71 kwanza, hazikutosha, na siku ileile duru ya pili ikampa 99.

Wabunge hao nao ni mgawo: 64 Wakristo na 64 Waislamu, kufuatana na makubaliano ya amani ya Taif ya 1989 yaliyofuta uwiano wa zamani wa Wakristo sita kwa Waislamu watano. Wamaroni wana viti 34, Wasuni 27, Washia 27, Waorthodoksi wa Kigiriki 14, Wadruzi 8, na vilivyobaki ni vya madhehebu madogo. Hapo ndipo mtu anamwelewa mwanasiasa Walid Jumblatt. Baba yake, Kamal, alianzisha chama chao mwaka 1949 na akauawa tarehe 16 Machi 1977; Walid akarithi uongozi akiwa kijana. Kwa miongo mingi ni vigumu kutaja mapatano makubwa ya Lebanoni bila kumtaja yeye. Lakini ni Mdruzi, na kwa desturi hiyo hawezi kukalia hata kiti kimoja kati ya vile vitatu vya Rais, Waziri Mkuu na Spika. Makala iliyomwita "mgombea urais wa muda mrefu" haikumtendea haki, wala haikumsaidia msomaji. Tena, sensa rasmi ya mwisho Lebanoni ni ya 1932. Asilimia yoyote ya dhehebu fulani iandikwe kuwa ni makadirio.

Kwenye majina, shida kubwa ni kunakili habari za Kiingereza bila kuuliza jina lilikuwaje kwa Kiarabu. Mshairi aliyezaliwa Bsharri mwaka 1883 aliitwa Jubran Khalil Jubran: jina lake, la baba, la ukoo. Familia ilipofika Boston mwaka 1895, shule ikalikata la kwanza na kuihamisha herufi h, likabaki "Kahlil Gibran". Kwa hiyo anayemwita "Kahlil" peke yake anamwita baba yake, tena kwa tahajia ya kosa. Halafu yuko Kahlil Gibran mwingine, mchongaji sanamu wa Boston, wa ukoo uleule. Yuko Gebran (jina lilelile kwa tahajia nyingine) Tueni wa gazeti la An-Nahar aliyeuawa Desemba 2005, ambaye babu yake, mwasisi wa gazeti hilo, aliitwa Gebran Tueni vilevile. Na yuko Gebran Bassil, mwanasiasa, mkwe wa Michel Aoun. Dawa ni ndogo: kila jina linapotajwa mara ya kwanza liende na mwaka na kazi. Kina Gemayel, ukoo wa wanasiasa, ndio wanaohitaji hilo zaidi. Pierre babu alishiriki kuanzisha chama cha Kataeb mwaka 1936. Mwanawe Bachir alichaguliwa Rais Agosti 1982 akauawa Septemba kabla ya kuapishwa, na Amine, kaka yake, akashika nafasi hiyo hadi 1988. Pierre mjukuu, mtoto wa Amine, aliuawa Novemba 2006 akiwa waziri.

Mwandishi wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Hariri, jina la ukoo wa Waziri Mkuu wa zamani Rafik Hariri, tunaijua kwa kitambaa, na Aoun ni auni yetu, yaani msaada. Fairuz ni feruzi, kito cha rangi ya samawati, jina la usanii alilopewa mwimbaji Nouhad Haddad na Halim el-Roumi wa redio ya Lebanoni. Neno moja tu la maelezo lingemfanya msomaji wa Lamu au Pemba alikumbuke. Makala ilimpa Fairuz mistari mitatu na kuruka jambo kubwa: vita vya 1975 hadi 1990 havikumhamisha nchini, na hakukubali sauti yake iwe ya upande wowote. Ndiyo maana alipoimba katikati ya Beirut mwaka 1994, Wakristo na Waislamu walisimama pamoja kumsikiliza.

Mwisho, Shakira ni Mkolombia mwenye asili ya Lebanoni kwa baba. Asiwekwe safu moja na Amin Maalouf, mzaliwa wa Beirut anayeandika kwa Kifaransa. Spika Nabih Berri, aliyekalia kiti hicho tangu 1992, ni Mlebanoni aliyezaliwa Bo, Sierra Leone. Mahali pa kuzaliwa na uraia viandikwe mbalimbali.

Naomba sahihisho la kina Aoun litoke ukurasa uleule uliobeba kosa, pamoja na maelezo mapya ya picha.

Msomaji wenu,
Mombasa