Mtoto wa selimundu akandwe kwa maji moto, si barafu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi tuzungumze na wazazi wenye watoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, Unguja na Pemba.

Maumivu yakianza, watu hukimbilia barafu. Tafadhali, isitumike kabisa! Baridi hubana mishipa, na seli za damu zilizopinda kama mundu huzidi kukwama. Kinachofaa ni kumkanda: chovya taulo katika maji moto, likamue, lijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, kisha mwekee panapouma dakika 15. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo, mara kwa mara.

Pumzi nayo husaidia. Avute kwa pua ukihesabu hadi 3, atoe taratibu kama anayepuliza povu la sabuni asitake lipasuke. Bibi akimsimulia ngano wakati huo, ni bora zaidi.

Haya yote huenda pamoja na dawa, hayachukui nafasi yake. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 12 hupata miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Arudie zikishapita saa 6 tangu dozi ya kwanza. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vya karafuu) asinyweshwe mtoto hata tone, huumiza ini na kuleta degedege.

Akipata homa, kifua kikimbana au akilegea upande mmoja, hospitali saa hiyohiyo.

Wahudumu wa afya ya watoto,
Wete, Pemba