Wasioona wafunzwe kuchora majengo

Mhariri,

Nikisema watu wazima wasioona wafunzwe usanifu wa majengo hapa Mombasa watu wananiangalia kama nimechizi, ati atachoraje na haoni. Kwani Chris Downey wa California anachora vipi? Huyo ni akitekti aliyepofuka 2008 baada ya kufanyiwa operesheni ya uvimbe kwenye ubongo, na kazi hakuacha, ramani anazitoa kwa printa inayoinua mistari anazisoma kwa vidole, akitaka kuongeza ukuta anabandika nyuzi za nta juu ya karatasi. Basi.

Sasa sisi tuna Mji wa Kale, darasa lenyewe lile. Mlango wa nakshi mtu anausoma kwa mkono kuanzia kizingiti hadi mfaa wa kati, ukuta wa matumbawe na chokaa unene wake anaupima pale dirishani, na akitembea chumbani kwa hatua zake atajua kwa nini vyumba vya zamani ni vyembamba, manake dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake, huwezi kuivuta. Fort Jesus nayo, ilojengwa 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mtaliano Cairati, ukichonga mfano wake wa mbao mwanafunzi anaushika wote mara moja, lile umbo la mtu aliyelala, na sisi wenye macho tukisimama getini hatulioni hata kidogo.

Nasema watu wazima makusudi. Kuna waliopofuka ukubwani kwa kisukari ama presha ya macho, wengine walikuwa waashi na maseremala, ujuzi wanao mikononi wamekaa nyumbani tu wanasikiliza redio.

Katiba ya 2010 kifungu cha 54 kinasema mlemavu ana haki ya kufika kila mahali, lakini tembea mjini uone, rampu inaishia kwenye geti lenye kufuli, njia ya miguu imekatwa katikati na nguzo ya stima. Aliyepitisha hiyo ramani hakumuuliza mwenye fimbo nyeupe, na hata angemuuliza, ramani yenyewe ni karatasi laini, huyo mtu angeisoma na nini?

Vyuo vyetu vinavyofunza usanifu vifungue darasa la jioni, karatasi ambayo mistari iliyochorwa huvimba ikipata joto, plastisini na vipande vya mbao vinatosha kuanzia. Na kaunti ikitaka kujenga stendi ama soko, ramani wapelekewe hao wanafunzi wasioona kwanza kabla simiti haijamwagwa.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa