Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Jirani yangu alinyoosha mkono

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kutoka ofisini kwako Mtumba hadi kijijini kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, ukibahatika kupata gari lisilosubiri kujaza. Jina la kijiji silitaji. Viongozi wake nakutana nao kisimani na misibani, na sina ugomvi nao.

Nina jirani, fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni. Mwaka jana mgambo alipita jioni na baiskeli na kipaza sauti, akatangaza mkutano mkuu wa kijiji, kesho saa nne asubuhi chini ya mbuyu. Wanasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwa fundi ilipita kama upepo. Asubuhi aliona watu wanateremka na vigoda, akaifunika cherehani yake, akawafuata. Akakaa chini na kina mama, juu ya kanga, maana viti vya plastiki ni vya meza kuu. Mtendaji akasoma makaratasi yake, wazee wawili wakauliza maswali, watu wakacheka kidogo. Kisha mikono ikapanda. Naye akanyoosha wake.

Miezi miwili baadaye wakamfuata na kitabu cha stakabadhi: mchango wa darasa, shilingi 10,000 kila kaya. Akawaonyesha kwa mikono kwamba habari hiyo hana. Wakamfunulia muhtasari: mkutano uliafiki kwa kauli moja, na jina lake limo kwenye mahudhurio. Hawakumsingizia. Aliafiki kweli! Alilipa kwa mafungu matatu, na aliyekuja kumwelewesha fedha ile ni ya nini ni binti yangu wa darasa la sita, kwa kumchorea jengo mchangani kwa kijiti.

Mheshimiwa, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inasema kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu, na mkutano huo uitishwe angalau kila miezi mitatu. Ubunge na udiwani vina kura na fomu. Chini ya mbuyu unaingia kwa kuwa mkazi tu. Sijui kikao kingine chenye mlango mpana namna hiyo, na ndiyo maana naumia nikiona sura ni zile zile kila mara.

Chukua hiyo saa nne. Mvua zikishashika, Januari hadi Machi, saa hiyo wanawake wako kwenye palizi ya uwele na mtama. Kiangazi wako kwenye foleni ya maji. Wafugaji nao wameshahama na ng'ombe kufuata malisho, wakirudi wanakuta mipaka ya machungio imeshapangwa, halafu tunashangaa ugomvi unatoka wapi. Saa nne inamfaa mgeni anayetoka wilayani kwa gari na kutaka kurudi kabla ya chakula cha mchana. (Mtu akinipinga kwa hili nitafurahi kumsikiliza.)

Lugha nayo. Kuna bibi kwetu ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni. Siku mzee mmoja aliposimama na kuanza na "Mbukwenyi", akaeleza kwa Kigogo kuhusu bomba lililoharibika, bibi yule alizungumza dakika kumi bila kupumua, na ndiye aliyejua mahali bomba lilipozikwa. Mwenyekiti alimkatiza: muhtasari unaandikwa kwa Kiswahili. Sawa, uandikwe. Kwani kusikiliza nako kuna lugha ya ofisi? Nafikiri hata Wasandawe wa kule Chemba wana hadithi kama hii.

Hata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yenye 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, kwetu hutangazwa hapo hapo mkutanoni. Asiyesikia tangazo hajui fomu zinatoka lini, kisha inaonekana waombaji wenye ulemavu hawajajitokeza.

Nakuomba waraka mmoja tu. Usemwe humo kwamba jambo lolote la mchango lianzie kwenye vitongoji, jioni watu wakiwa wamerudi, ndipo lije mkutano mkuu. Muhtasari uonyeshe wanawake walikuwa wangapi, wenye ulemavu wangapi, na kitongoji gani hakikuleta mtu, na usipoonyesha, mchango usikusanywe. Kuhusu mkalimani wa lugha ya alama, najua nitaambiwa bajeti. Mkoa wetu una walimu wa wanafunzi viziwi. Nauli na posho ya siku moja kila miezi mitatu ni pungufu ya mafuta yanayoteketea msafara mmoja ukija kwetu kuzindua choo cha shule.

Mkutano ujao umeshatangazwa, Jumanne, saa nne. Fundi ameniuliza kwa ishara kama nitakaa karibu naye. Nimemkubalia, ila alama ninazozijua mpaka leo ni tatu: maji, pesa, na njoo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa kijiji, Mkoa wa Dodoma