Maji yakishatoka shambani

Habari zenu wanakikundi. Kabla ya kikao cha kupanga zamu za maji, naomba tuongeze ajenda moja: maji yetu yanakwenda wapi yakishatoka shambani?

Tumezoea kugombania yanayoingia. Yanayotoka hayana mwenyewe, na huko ndiko kwenye shida. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, au ukimwagilia kupita kiasi baada ya kuiweka, naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, huzama hadi visimani au huteremka mtoni. Mtoni hustawisha mwani. Mwani ukifa na kuoza humaliza oksijeni, samaki nao hufa. Kisimani, hatari kubwa ni kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo, maana damu yake hushindwa kubeba oksijeni vizuri. Na kuchemsha hakusaidii, naitreti haitoki kwa moto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa.

Mifereji nayo: maji yakituama na magugu yakijaa, konokono wa kichocho na viluwiluwi vya mbu hupata makao. Wenzetu wa mpunga, kukausha jaruba kwa siku chache kisha kulijaza tena huokoa maji, hupunguza methani, gesi inayoongeza joto duniani, na huweza kupunguza mbu. Ila msikaushe mpunga unapochanua!

Basi kila mmoja apite mfereji wake, aandike hapa unaishia wapi na nani wanachota maji chini yake. Picha zinakaribishwa. Ujumbe mrefu wa sauti, tafadhali, hapana.