Degedege, lango la ubongo na dakika 5 za kwanza

Mhariri,

Degedege ikishapita dakika 5, si rahisi tena ikome yenyewe. Ikifika dakika 30, ubongo unaweza kuumia kwa namna isiyorudi. Mipaka hiyo miwili wataalamu wa kifafa duniani waliiweka mwaka 2015. Twaomba nafasi kwenye gazeti lako tueleze sababu yake, kwa kuwa hapa Mombasa dakika hizo nyingi huishia njiani.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande una hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya. Kwenye kiingilio chake pana utepe mwembamba wenye meno-meno, jairasi dentata, wenye seli ndogo ziitwazo seli punje, takriban milioni 15 kila upande. Sehemu kubwa ya habari zinazoingia hipokampasi hupitia hapo. Ajabu ya seli hizi ni ukimya wao: kwa wakati mmoja ni chache sana zinazotoa umeme, maana zimezungukwa na seli za kuzuia. Ukimya huo ndio unaokuwezesha kutofautisha mahali ulipoegesha pikipiki leo na ulipoiegesha jana, ijapokuwa ni barabara ile ile. Ndio pia unaozuia umeme wa fujo usipenye ndani, na kwa sababu hiyo watafiti wamepaita lango.

Mtukutiko wa degedege ukirefuka, wanaoumia kwanza si seli punje. Chini ya safu yao kuna seli nyingine, ambazo baadhi ya kazi yake ni kuziamsha zile za kuzuia. Hizo hufa mapema zikipigwa umeme mfululizo. Kisha nyuzi za seli punje huchipua upya na kurudi nyuma, zikashikana na seli punje wenzao, kwa hiyo seli zilizozoea kunyamaza zinaanza kuchocheana. Hali hii imeonekana kwa panya, na pia katika vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa upasuaji kutoka kwa wagonjwa wa kifafa. Kama machipuko hayo ndiyo chanzo cha kifafa au ni kovu lake, mjadala haujakwisha. Lisilo na mjadala ni kwamba kati ya jeraha na kifafa huweza kupita miaka. Wazazi wasiingiwe na hofu kupita kiasi, lakini: degedege nyingi za homa ni fupi na haziachi alama yoyote. Tunayoihofia ni ile ndefu.

Kifafa kinachotokana na jeraha hilo mara nyingi hakimwangushi mtu. Yuko barazani na kikombe cha chai mkononi, mara macho yanaganda. Midomo inatafuna na hamna kitu kinywani, vidole vinachezea pindo la leso au kifungo cha shati. Ukimwita haitiki. Dakika moja au mbili baadaye anarudi, amechanganyikiwa, hakumbuki. Wengine kabla ya hapo huhisi kitu kinapanda kutoka tumboni hadi kooni, au woga mkubwa usio na sababu. Watu husema kapandwa na jini, na miaka inapita bila dawa. Anayetaka kusomewa na asomewe, hatuna ugomvi na dua. Ila apelekwe kliniki pia, na aliyeona tukio aandamane naye, kwa sababu maelezo yake yana uzito kuliko kipimo. Kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi kabisa siku ambayo hakuna shambulio. Kovu la hipokampasi huonekana vizuri zaidi kwa MRI, picha ya sumaku, kuliko kwa CT, picha ya eksirei, na picha ikatwe vipande vyembamba vinavyopita hipokampasi kwa upana wake.

Akianza dawa asiikatishe ghafla. Kukatiza fenobabitoni au kabamazepini kwa siku chache tu kwaweza kuleta ule mtukutiko mrefu wenyewe. Ramadhani ndipo tunapoliona hili sana. Fenobabitoni hunywewa mara moja usiku, kwa hiyo haigongani na saumu. Kabamazepini ya mara mbili huweza kugawanywa kati ya futari na daku, lakini mpango huo ufanywe na daktari kabla mwezi haujaandama, na mgonjwa asikeshe, maana kukosa usingizi kwenyewe huchochea shambulio.

Mtoto akipata degedege nyumbani, tazama saa. Mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimnyweshe kitu, usimfukize. Na uwe njiani kabla dakika 5 hazijatimia.

Hapo ndipo panapotuuma. Hospitali kuu ya rufaa iko kisiwani. Mtoto wa Likoni au Mtongwe akisubirishwa avuke feri ndipo atibiwe, dakika 30 hizo zimekwisha foleni. Dawa ya kwanza itolewe ng'ambo ile ile. Mshipa usipopatikana, dayazepamu huingizwa kwa njia ya haja kubwa: miligramu 0.5 kwa kila kilo ya mtoto. Wa kilo 10 anapata miligramu 5, yaani mililita 1 ya chupa ile ya miligramu 10 katika mililita 2. Bomba lisiwe na sindano, liingie sentimita 4 hadi 5, kisha matako yabanwe kwa dakika chache dawa isirudi. Sukari ya damu ipimwe papo hapo, kwani sukari ikishuka nayo huleta mtukutiko, na dayazepamu haiwezi kuiponya. Dozi zisizidi mbili, sababu dawa hii hupunguza pumzi. Mfuko wa kupulizia hewa uwe karibu.

Twaiomba serikali ya kaunti ihakikishe kila zahanati ya Likoni, Mtongwe na Shika Adabu ina dayazepamu, mashine ya sukari, mfuko huo na mizani inayofanya kazi, na jedwali la dozi kwa uzito libandikwe ukutani palipo na kitanda cha dharura, si ofisini. Mhudumu wa zamu ya usiku huwa peke yake, na hawezi kuanza kupiga hesabu mtoto akitukutika.

Wahudumu wa wagonjwa wa kifafa,
Mombasa