Wanasiasa wetu watuletee hesabu, si matusi

Bwana Mhariri,

Juma lililopita redio moja ya hapa Lubumbashi iliwakutanisha wanasiasa wawili wa jimbo letu la Haut-Katanga. Mada ilikuwa imetangazwa mapema: mrabaha wa madini, ile redevansi, yaani malipo ambayo kampuni za migodi hulipa kwa madini zinayouza. Hapa Ruashi tulikusanyika barazani kwa jirani tusikilize, kwa sababu komini yetu, yaani sehemu hii ya mji yenye utawala wake, ina mgodi wa shaba na kobalti mlangoni, na bado barabara zetu ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua.

Hata salamu hazijaisha, mmoja akamwita mwenzake mwizi mwenye tumbo. Wa pili akamuuliza mama yake alizaliwa kijiji gani. Wakaingia mpaka ndani ya nyumba zao, nani ameachwa na nani. Kijana mmoja akapiga simu, akauliza habari ya mrabaha wenyewe. Akaambiwa ametumwa, tena amelipwa.

Ya kujadili yapo, Bwana Mhariri. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema mrabaha ukilipwa, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya komini, sekta au sheferi (eneo la chifu) yenye mgodi, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inatozwa asilimia 3.5, kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati, asilimia 10. Zile 15 zinapita katika akaunti gani? Nani anatia sahihi? Washauri wa komini tuliowapigia kura tarehe 20 Desemba 2023 wanaonyeshwa vitabu? Tumbo la mtu halitujibu hata moja kati ya hayo.

Wapo wanaoniambia, papa, siasa ndiyo hivyo, usikasirike. Mimi nilikuwa mtu wa reli, na mwaka 1992 nilikuwa Likasi. Agosti ya mwaka ule Mkutano Mkuu wa Taifa, ule wa kutafuta njia ya demokrasia, ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga. Mambo mazito ya kuzungumza yalijaa: mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990, Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, inaporomoka, mshahara haununui hata unga wa bukari. Mikutanoni hatukuyasikia hayo. Tulisikia majirani zetu wenye asili ya Kasai wakiitwa wadudu. Kisha wakafukuzwa nyumbani kwao. Nikaona familia nzima zimelala stesheni na masufuria na magodoro yao, majuma kwa majuma, zikingoja gari moshi la kwenda Kasai. Watoto walifia pale pale sakafuni. Wengi wa watu wale walizaliwa Likasi, na baba zao walichimba shaba na kutandika reli pamoja na baba zetu. Waliowatukana jukwaani wao walikuwa wanalala salama katika vitanda vyao wenyewe.

Kwa hiyo mtu anayeomba kura akianza kuuliza kijiji cha mama wa mwenzake, vijana barazani wanacheka, mimi siwezi.

Na ninyi wa magazeti mna sehemu yenu. Kesho yake niliona ukurasa wa kwanza wa gazeti moja umebeba matusi yale kwa herufi kubwa. Mrabaha sikuuona hata kwa herufi ndogo. Nawaomba mfanye hivi: kabla ya mdahalo wowote, pelekeeni kila mmoja maswali kwa maandishi, kisha chapeni majibu yake. Asiyejibu, andikeni jina lake na chini yake acheni nafasi tupu.

La kwangu ni hili: tangu 2018, Ruashi imepokea fedha ngapi katika ile asilimia 15, ziliingia akaunti gani, na zimejenga nini? Ajibu yeyote kati ya wale wawili, au burugumestre, mkuu wa komini, mwenyewe.

Mstaafu wa reli,
Komini ya Ruashi, Lubumbashi